UZI MAALUM: Kujiandikisha kuchangia viungo na tishu hapa Uingereza – fomu, sheria na yanayokwamisha

Mnazi_Mmoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwenye nyuzi za misiba swali ni lilelile kila mara: "Marehemu hakujaza fomu yoyote, mbona hospitali wanaongea kana kwamba alikubali?" Sheria ndiyo inayosema hivyo. Nafungua uzi huu mambo yakae pamoja. Wanaofanya kazi ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na waliosomea sheria waongezee, na wenye maswali waulize hapahapa badala ya kunifuata inbox.

Wales walianza 1 Desemba 2015. England ikafuata 20 Mei 2020, Scotland 26 Machi 2021, Ireland Kaskazini 1 Juni 2023. Kote huko mtu mzima akifariki bila kuacha neno lolote kuhusu viungo vyake, sheria inamhesabu kuwa ameridhia. Sheria haiwagusi walio chini ya miaka 18 (Scotland ni chini ya 16), mtu ambaye kwa muda mrefu kabla ya kifo hakuwa na uwezo wa akili wa kuelewa jambo hili, na mtu ambaye hakuwa mkazi wa huku kwa angalau miezi 12 kabla ya kufariki. Kwa hiyo shangazi aliyekuja matembezi ya miezi sita hahusiki, na mwanafunzi aliyetua Septemba akafariki Machi hahusiki. Kwa hao kimya hakihesabiwi kuwa ridhaa. Lazima wao wenyewe wawe walisema, au ndugu aseme kwa niaba yao.

Orodha ni moja kwa nchi zote nne: NHS Organ Donor Register (orodha ya wachangiaji viungo ya NHS, huduma ya afya ya taifa), iliyoanza 1994 na inayosimamiwa na NHS Blood and Transplant, idara yake ya damu na upandikizaji. Njia za kuingia ni tovuti ya organdonation.nhs.uk, simu 0300 123 23 23, programu ya NHS kwenye simu (kwa walio na GP, yaani daktari wa mtaa, England), fomu ya kujiandikisha kwa GP, na maombi ya leseni ya DVLA (idara ya leseni za udereva). Wengi wetu tuliingia kwa njia hii ya mwisho bila hata kukumbuka. Ukiona namba 115 kwenye leseni yako ya udereva, hiyo ni alama kwamba uliwahi kusema ndiyo.

Fomu ya mtandaoni inakula dakika mbili. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, jinsia, namba ya NHS kama unayo, kabila na dini ukipenda. Halafu unachagua: vyote au baadhi tu. Vinavyotajwa ni moyo, mapafu, figo, ini, kongosho, utumbo mwembamba, konea za macho (kioo cha mbele cha jicho), na tishu (kama ngozi, mifupa na vali za moyo). Fomu ina pia swali la imani, hilo nitamwachia Shehe Mwinyi.

Sasa mtego mkubwa, na ndio ulionifanya niandike yote haya. Kuna "sitaki kuchangia" na kuna "nifuteni kwenye orodha". Watu wanadhani ni kitu kimoja. Ukisema HAPANA, uamuzi wako unaandikwa na unabaki pale. Ukiomba KUFUTWA, rekodi yako inaondolewa, na ukishaondolewa wewe ni mtu asiyesema kitu, yaani unarudi kwenye ridhaa ya kimya. Asiyetaka kabisa halafu akabofya kufuta amejipeleka palepale alipokuwa anapakimbia.

---

Kijana_wa_Nakuru

Uzi safi mkuu. Lakini kama kimya tayari ni ndiyo, kuna haja gani ya mtu anayekubali kujaza fomu?

---

Mwanasheria_Uchwara

@Kijana_wa_Nakuru kwa sababu kimya ni ushahidi dhaifu. Ridhaa ya kimya inampa daktari kibali cha kisheria, lakini haimpi uhakika. Muuguzi bado anakaa na familia na kuwauliza: je, aliwahi kusema vinginevyo? Ndugu mmoja akisema "aliniambia hataki", na akatoa maelezo ambayo mtu mwenye busara angeyakubali, ridhaa ya kimya imeanguka. Hakuna karatasi ya kumjibu.

Ukiwa umejiandikisha, mazungumzo yanaanza mahali pengine. Muuguzi anawaonyesha tarehe na uamuzi wako. Hapo kisheria ndugu hawana kura ya turufu. Ila tusidanganyane: kama mama na mke wanalia na kukataa katakata, hakuna hospitali itakayowasukuma pembeni. Ndiyo maana NHS wanasisitiza kuongea nyumbani, na wanasema familia 9 kati ya 10 huunga mkono zikijua marehemu alitaka nini.

Sababu ya pili: kimya hakifiki kila mahali. Uso, mikono, miguu, mfuko wa uzazi, hivyo vyote vinahitaji ridhaa ya wazi. Hali kadhalika kutumia kiungo kwa utafiti. Moyo, figo, ini, konea na tishu za kawaida vinaingia.

Na tafadhali, msiandike jambo hili kwenye wosia peke yake. Wosia unafunguliwa baada ya mazishi. Saa za viungo ni fupi kuliko hata saa za kukodi gari la msiba.

---

NesiZamuYaUsiku

Naongezea upande wa hospitali, maana hapa ndipo uvumi umejaa.

Kwanza, kujiandikisha hakumaanishi utachangia. Karibu mtu 1 tu kati ya 100 wanaokufa anakufa katika mazingira yanayoruhusu viungo kutumika. Kiungo kinataka damu yenye oksijeni hadi dakika za mwisho, kwa hiyo lazima uwe hospitali, aghalabu ICU, kwenye mashine ya kupumulia. Aliyefia nyumbani usingizini hawezi kuchangia figo hata kama alikuwa mzima kama chuma. Tishu ni hadithi nyingine, nitakuja.

Njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kifo cha shina la ubongo (sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi). Kiharusi kikubwa, ajali ya kichwa, ubongo kukosa hewa. Moyo unapiga kwa sababu mashine inaleta oksijeni, kifua kinapanda na kushuka, mwili una joto, na ndugu anaona mtu aliyelala. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Vipimo vinafanywa na madaktari wawili, kila mmoja awe na miaka 5 au zaidi tangu asajiliwe, na angalau mmoja awe daktari bingwa. Hawaruhusiwi kuwa wa timu ya upandikizaji. Kabla ya kuanza lazima chanzo kijulikane, dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini, na mwili usiwe wa baridi. Wanamulika mboni kwa tochi. Wanagusa konea. Wanamimina maji ya barafu, mililita 50, katika kila sikio na kuangalia kama macho yatacheza. Wanabana juu ya jicho kuona kama uso utakunja. Wanagusa koo, wanapitisha mrija wa kufyonza hadi kwenye njia ya hewa kuona kama atakohoa. Mwisho wanamtoa kwenye mashine huku oksijeni ikiendelea kuingia, na wanasubiri dakika 5 kamili kaboni dayoksaidi ikipanda: atajaribu kuvuta pumzi au hapana? Seti nzima inafanywa mara mbili.

Saa ya kifo kisheria ni pale seti ya kwanza ilipokamilika, si pale moyo uliposimama. Mjue hilo, maana saa mnayoiona kwenye karatasi inaweza isifanane na ile mliyoishuhudia, na watu wamegombana makaburini kwa ajili ya hilo.

Njia ya pili ni baada ya moyo kusimama. Madaktari na familia wamekubaliana kwamba matibabu hayasaidii tena. Mashine inaondolewa kwa wakati uliopangwa, timu ya upasuaji ikiwa tayari chumba cha pili. Moyo ukisimama, wanahesabu dakika 5 bila kugusa kitu ndipo kifo kinathibitishwa. Kama mgonjwa hajafariki ndani ya muda, kwa kawaida saa 3, uchangiaji wa viungo unasitishwa kabisa na anaendelea kutunzwa hadi mwisho wake. Familia iambiwe mapema kwamba hilo linaweza kutokea. Wasipoambiwa wanahisi wamesubiri bure.

---

MamaJunior_Reading

Dada Nesi, samahani kuuliza wazi. Hofu ya wengi ni kwamba ukiwa kwenye orodha watakuacha ufe haraka. Kuna kizuizi gani hasa?

---

NesiZamuYaUsiku

@MamaJunior_Reading uliza tu dada, ndiyo kazi ya uzi.

Daktari wa ICU hana orodha mbele yake wakati anakutibu. Anayeifungua ni muuguzi maalum wa uchangiaji viungo, mwajiriwa wa NHS Blood and Transplant na si wa wodi ile, na anaitwa baada ya uamuzi kwamba matibabu hayafai tena au vipimo vya ubongo vinaandaliwa. Timu ya kutoa viungo inatoka nje kabisa, mara nyingi mji mwingine. Daktari aliyekutibu hapati chochote, kuuza na kununua ni kosa chini ya Sheria ya Tishu za Binadamu ya 2004.

Halafu kuna mantiki ya kawaida: mgonjwa asiyetibiwa vizuri viungo vyake vinaharibika. Shinikizo la damu likianguka, figo ndizo za kwanza kulia.

---

Shehe_Mwinyi

Assalaam aleikum. Nijibu swali la imani kwenye fomu.

Swali linakuuliza kama unataka wauguzi waongee na familia yako, na wengine wanaofaa, kuhusu namna uchangiaji utakavyokwenda sambamba na imani yako. Majibu ni ndiyo, hapana, au sipendi kusema. Lilianza England Desemba 2018. Jibuni NDIYO. Jibu hilo ndilo linalomlazimu muuguzi kuuliza habari za josho, sanda, saa ya mazishi, na kama kuna imamu wa kuitwa.

Kuhusu hukumu: Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia liliruhusu mwaka 1982, Majmaa ya Fiqhi chini ya OIC (jumuiya ya nchi za Kiislamu) ikatoa azimio lake Jeddah 1988, na hapa Uingereza Muslim Law (Shariah) Council walitoa fatwa ya kuruhusu 1995. Mwaka 2019 Mufti Mohammed Zubair Butt aliandika fatwa ndefu ya kuruhusu kwa masharti. Wapo wanazuoni wasiokubali, na mwenye kufuata hao ana haki ya kuandika HAPANA bila kunyooshewa kidole.

Palipo na mvutano wa kweli ni kwenye kifo cha shina la ubongo. Wako wanaosema uchangiaji ni halali lakini baada ya moyo kusimama tu. Fomu haina kisanduku cha kuchagua hilo. Mwenye msimamo huo aseme ndiyo, ajibu ndiyo kwenye swali la imani, kisha awaambie watu wake kwa maneno yanayoeleweka: "moyo usimame kwanza". Muuguzi akiambiwa na familia, njia ya pili aliyoieleza Nesi inaweza kufuatwa.

Kuhusu kuchelewa kuzika: toka familia kukubali hadi mwili kutoka chumba cha upasuaji yaweza kufika siku nzima au zaidi. Wanasubiri majibu ya damu, wanapiga simu vituo vya upandikizaji, timu inasafiri. Mnaweza kuomba waharakishe na wanajitahidi, lakini msiahidiwe saa nne mkaamini.

Kwa Wakristo wanaouliza upande wao unasemaje: Papa Yohane Paulo II aliunga mkono wazi alipohutubia wataalamu wa upandikizaji Roma, 29 Agosti 2000. Mashahidi wa Yehova wanaliacha kwenye dhamiri ya mtu, suala lao ni damu.

---

Mtoto_wa_Tanga

Shukrani Shehe. Mwili unarudi katika hali gani? Anayeosha atakuta nini?

---

NesiZamuYaUsiku

Mshono mmoja mrefu, kuanzia chini ya shingo hadi kwenye kinena kama moyo na mapafu vimetolewa, umefungwa na kufunikwa kwa plasta isiyopitisha maji. Hauvuji ukioshwa kwa utaratibu. Mwenye kuosha aambiwe mapema asibandue plasta.

Macho: kwa konea jicho zima hutolewa, kisha kinawekwa kifuniko cha plastiki chini ya kope ili umbo libaki. Ukimtazama hutagundua. Ngozi: ni utando mwembamba sana kutoka mgongoni na miguuni, panabaki wekundu kama wa kuungua na jua. Mifupa: ikitolewa kinawekwa kitu badala yake ili mguu ubaki umenyooka.

Wauguzi pia hutoa kishada cha nywele au alama za viganja kwa familia kama wanataka. Semeni mapema, watu huona haya kuomba.

Sasa tishu, maana niliahidi. Hapa waliofia wodini, hospisi (nyumba za kutunza walio karibu kufariki) na hata nyumbani wanaingia, maana tishu hazihitaji mashine. Konea zichukuliwe ndani ya saa 24, tishu nyingine kama ngozi, mifupa, kano na vali za moyo muda unaweza kufika saa 48 kama mwili umewekwa kwenye baridi. Konea huhifadhiwa kwa wiki kadhaa katika benki za macho za Bristol na Liverpool. Vali za moyo zikigandishwa hukaa miaka. Linganisha na moyo mzima: saa 4 tu hivi nje ya mwili. Mapafu karibu na hapo. Ini kama saa 12, figo zinaweza kuvuka saa 24.

Kikwazo cha tishu ni kimoja cha kijinga: hakuna anayewaita. ICU kuna muuguzi maalum, wodi ya kawaida hakuna. Familia ndiyo iseme: "Alikuwa kwenye orodha, tunataka konea ziangaliwe." Semeni usiku uleule.

---

Mwanasheria_Uchwara

Tuje kwenye "familia", kwa sababu familia ya sheria ya hapa si ile ya kwetu.

Sheria ya 2004 ina ngazi za nani aulizwe pale ambapo marehemu hakuamua. Ya kwanza ni mume, mke au mwenza. Ya pili mzazi au mtoto (mtu mzima). Ya tatu ndugu wa baba na mama mmoja. Kisha babu, bibi, wajukuu. Kisha watoto wa ndugu. Kisha baba au mama wa kambo. Kisha ndugu wa upande mmoja. Mwisho kabisa rafiki wa siku nyingi.

Someni tena. Ami hayumo. Mjomba hayumo. Shangazi, mama mdogo, binamu hawamo. Mtu aliyelelewa na mjomba wake Leicester toka ana miaka mitano, mjomba huyo anaingia kwa mlango wa "rafiki". Na ndugu wa baba mmoja yuko chini ya mtoto wa dada wa tumbo moja, jambo ambalo kwetu ukilisema barazani utaombwa uondoke.

Mengine mawili. Mke wa nikaha isiyosajiliwa anaingia kama mwenza, maana sheria inaangalia kuishi pamoja kama familia. Na walio ngazi moja, ridhaa ya mmoja inatosha kisheria. Mama na mtoto mkubwa wako ngazi moja, wake wawili wako ngazi moja. Kivitendo muuguzi atataka wakubaliane.

Kama ngazi hizi hazifanani na maisha yako, teua mwakilishi. England sheria inakubali uteuzi wa maandishi uliosainiwa mbele ya shahidi angalau mmoja, au wa mdomo mbele ya mashahidi wawili walio pamoja kwa wakati mmoja. Maandishi ndiyo salama. Fomu ipo kwa NHS Blood and Transplant. Ukishateua, mwakilishi ndiye anayeamua, si ngazi. Mteuliwa awe mtu anayepokea simu usiku, hilo nalisema kwa uzito wote.

---

Kijana_wa_Nakuru

Na kama wazazi wako Kenya na hapa uko peke yako?

---

NesiZamuYaUsiku

Wanapigiwa simu. Mazungumzo ya ridhaa kwa simu hurekodiwa. Mkalimani wa Kiswahili anapatikana kupitia hospitali, mdai. Msikubali mtoto wa miaka 15 atafsiri mambo haya kwa bibi yake.

Baada ya ridhaa kuna dodoso la afya na maisha, linachukua saa nzima au zaidi. Maswali ni makali: ngono, madawa, jela, chale, safari, malaria, kuongezewa damu. Yanaulizwa kwa kila mtu, hata kwa mzee wa miaka 80 mcha Mungu. Anayejibu awe anayemjua marehemu wa miaka ya karibuni. Mama aliye Nakuru aliyemuona mwanawe mara ya mwisho miaka kumi iliyopita atoe ridhaa, lakini dodoso ajibu mwenzake wa nyumba.

Malaria usifiche. Aliyezaliwa au kukaa maeneo ya malaria hafungiwi, damu inapimwa kingamwili, na majibu yanaamua hasa kwenye tishu. Pia hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende na virusi vya HTLV. Mwenye VVU anaweza kuchangia kwa mgonjwa mwenye VVU. Mwenye saratani inayoendelea mara nyingi hawezi kutoa viungo lakini konea inawezekana, isipokuwa saratani za damu na za jicho. Kisukari na presha haviwatoi watu orodhani. Umri hauna kikomo cha kujiandikisha. Acheni kujipima wenyewe, hiyo ni kazi ya maabara.

---

Mnazi_Mmoja

Kuna kosa lingine la fomu, la majina. Paspoti za Tanzania zina majina matatu, GP kaandika mawili, DVLA wamegeuza la baba kuwa la kati. Khamis huku, Hamisi kule. Wanaotafuta kwenye orodha wanatumia jina, tarehe ya kuzaliwa, postikodi na namba ya NHS. Ukihama nyumba mara tatu na jina lina herufi tofauti, unaweza usionekane. Tumia jina lililoko kwa GP wako, herufi kwa herufi, na weka namba ya NHS japo si lazima. Ukihama, badilisha anwani.

Kama una rekodi mbili zinazopingana, ya karibuni zaidi ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo aliyesema hapana mwaka 2020, kisha akaweka tiki bila kusoma kwenye fomu ya leseni mwaka 2024, amesema ndiyo.

---

MamaJunior_Reading

Je, naweza kuandika figo zangu apewe Mwafrika tu? Nasikia watu wetu wanasubiri muda mrefu.

---

Mwanasheria_Uchwara

Hapana dada. Ridhaa yenye sharti la rangi, dini au kabila haikubaliwi kabisa, kiungo kinakataliwa pamoja na sharti lake. Familia ikiwa na ndugu au rafiki wa karibu aliye kwenye foleni, ombi linaweza kuangaliwa, lakini haliwi sharti.

Ila nia yako inafika kwa njia nyingine. Figo inagawiwa kwa kundi la damu na aina ya tishu, na aina za tishu hufanana zaidi kwa watu wenye asili moja. Kundi B liko zaidi kwa Waafrika na Waasia kuliko kwa wazungu. Presha, kisukari na selimundu vimewajaza watu wetu kwenye foleni ya figo, wakati wachangiaji wenye asili yetu ni wachache. Kompyuta ikitafuta anayefanana na figo yako, uwezekano wa kumpata mtu wa asili yako ni mkubwa bila wewe kuandika chochote.

---

Mtoto_wa_Tanga

Tofautisheni na mambo haya matatu, maana watu wanayachanganya:

Kumpa ndugu figo ukiwa hai hakupitii orodha hii. Kunapitia hospitali ya upandikizaji, na lazima Human Tissue Authority (mamlaka ya tishu za binadamu) waidhinishe baada ya mtu huru kuwahoji nyote wawili, kila mmoja peke yake pia. Kumleta mtu kwa viza akachangie kwa malipo ni jela: mwaka 2023 mahakama ya Old Bailey ilimhukumu aliyekuwa seneta wa Nigeria, Ike Ekweremadu, kifungo cha miaka 9 na miezi 8 kwa njama ya aina hiyo.

Kuacha mwili mzima kwa chuo cha udaktari ni fomu nyingine, inajazwa na chuo husika, isainiwe mbele ya shahidi. Kwa kawaida aliyetoa viungo hapokelewi tena na chuo, konea peke yake haizuii. Unaweza kuwa kwenye zote mbili, viungo vikatangulizwa.

Seli shina za damu, yaani zile za uboho kwa wagonjwa wa saratani ya damu, ni kwa mashirika ya hisani ya Anthony Nolan (unajiunga ukiwa na miaka 16 hadi 30) au DKMS (18 hadi 55). Unatuma mate au ute wa shavu kwa posta. Huko ndiko asili yetu inapohitajika kuliko popote.

---

Kijana_wa_Nakuru

Na nyumbani? Mtu akirudi Kenya au Bongo rekodi yake inamfuata?

---

Mwanasheria_Uchwara

Haimfuati. Orodha ya NHS inaishia hapa.

Kenya ipo Sheria ya Afya ya 2017. Inakuruhusu kuacha mwili au tishu kwa wosia, kwa hati uliyosaini pamoja na mashahidi wawili, au kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Hakuna ridhaa ya kimya. Kubadili nia unatumia njia ileile uliyotumia kutoa, na ya wosia unaweza kuichana hati kwa makusudi. Lakini figo zinazopandikizwa huko zinatoka kwa ndugu walio hai. Kwa aliyefariki, mlango unaoeleweka ni konea: ipo benki ya macho ya Lions kule Nairobi.

Tanzania, Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018. Na huko wachangiaji ni ndugu walio hai. Orodha ya kujiandikisha kwa ajili ya baada ya kifo ya kulinganisha na hii haipo.

---

Shehe_Mwinyi

Na kusafirisha mwili baada ya kuchangia?

---

Mwanasheria_Uchwara

Unaruhusiwa. England na Wales, kila mwili unaotoka nje ya nchi unatakiwa ilani kwa mchunguzi wa vifo wa serikali, na siku 4 kabla ya kuondoka isipokuwa akiharakisha. Ilani hiyo ipo uchangie usichangie. Kinachochelewesha kweli ni kifo cha ghafla au cha ajali: hapo mchunguzi huyohuyo lazima akubali kabla kiungo chochote hakijaguswa, na anaweza kuzuia baadhi, kwa mfano akaruhusu figo akakataza moyo kama moyo ndio unaochunguzwa. Muuguzi maalum ndiye anayempigia, hata usiku. Familia haina haja ya kumtafuta.

---

MamaJunior_Reading

Nimeingia kwenye programu ya NHS sasa hivi, inaniambia nithibitishe kitambulisho kwanza. Ni kawaida?

---

Mnazi_Mmoja

Kawaida. Inataka picha ya paspoti au leseni na video fupi ya uso, na jibu linaweza kuchukua saa kadhaa. Kama una haraka tumia tovuti au ile 0300, hawahitaji hayo. Ukimaliza, subiri uthibitisho kwa barua au barua pepe, piga picha, tuma kwenye grupu la familia na sentensi moja chini yake: ndiyo au hapana, na kama kuna kiungo ulichokiacha nje.